Nishani Ndani ya Mto wa Bibi

Pini iligoma kutoka kwenye shati, na Bibi alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Tajudini hukusanya nishani za Wajerumani. Mtaa mzima wa Jabe unamjua kwa wazimu huo. Ile ya baba yake Bibi, aliyekuwa askari wao, ndiyo pekee aliyoikosa. "Ilipotea," Bibi alimjibu kila alipouliza. Asubuhi hiyo, akianika mto wa Bibi juani, Tajudini aligusa kitu kigumu ndani ya sufi. Akafumua mshono, akaitoa ile nishani, akaivaa kifuani ajitazame kwenye kioo.

Bibi, ambaye siku hizi husahau hata majina ya wanawe, aliutazama ule utepe mweusi na mweupe wa nishani. Kisha akapiga magoti sakafuni.

"Baba, ni mi nilivunja mutungi. Usimupige mama."

"Apana, Bibi. Ni mi, Tajudini."

Hakumsikia. Tajudini aliivuta pini, lakini kutu ilikuwa imeng'ang'ania nyuzi. Kila alipovuta, nishani ilicheza kifuani, na Bibi akazidi kujikunyata.

Akaona afadhali awe huyo baba. Akailainisha sauti.

"Basi, mwanangu. Nimekusamehe. Inuka."

Hapo ndipo Bibi alipoukamata mkongojo wake kwa nguvu.

"Siku zote unasema vile," alinong'ona. "Halafu unaingia kwa mama."

Akaulaza mkongojo wake miguuni pa Tajudini, akanyoosha viganja vyote viwili.

"Leo anza na mi. Sitoki hapa mulangoni."