Shuka Kwenye Njia ya Ndege

Kishale cha kompyuta kilikuwa juu ya paa letu la bluu mama alipoingia na kikombe cha chai.

Nilikuwa natengeneza uwanja wa ndege wa mji wetu, kwa ajili ya watu wanaocheza mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta majumbani. Picha ya ardhi niliyoitumia ilipigwa kutoka angani kabla uwanja haujapanuliwa, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa bado imesimama pale ambapo leo pana lami ya njia ya ndege. Ilibaki kuifuta tu.

Mama aliinama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Hizo shuka zangu, kwenye kamba."

"Ni vidoti tu, mama."

"Kwako ni vidoti. Shuka zangu nazijua."

Nikaachia kipanya. "Basi siifuti! Ndege zao na zigonge paa!"

"Acha ukaidi wa baba yako. Unafutia wapi?"

Nikamwonyesha kitufe.

"Waliivunja nyumba nikiwa kazini," alisema. "Nilirudi nikakuta vumbi."

Akaweka kikombe chini, akavaa miwani, akanisukuma kwa nyonga.

"Sogea. Safari hii nitakuwepo."