Majina Kumi na Moja

Siku ya tatu Tamar alikuwa bado dirishani, akiangalia nyumba isiyokaa mtu.

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wake umefungwa kwa waya. Yeye alikaa katika chumba cha binamu yake Ariel, mshonaji, akijifanya anangoja kitambaa chake. Pikipiki zilipita na vumbi lake. Wanawake walipita na mizigo ya viazi. Hakuna aliyesimama.

"Leo pia hapana mutu," Ariel alisema, mguu wake ukikanyaga mashine.

"Tungoje mpaka saa kumi."

Siku tatu nyuma, wakiwa wameketi chumba hicho hicho, Tamar alikuwa amemwandikia Ariel ujumbe kwa programu mpya ya simu: *Shahidi moja amejificha mu nyumba ya mulango ya waya.* Ulikuwa uongo mtupu. Ulikuwa chambo. Kama kuna mtu anayesoma maneno yao njiani, atakuja mwenyewe.

Chambo cha namna hiyo kilishawahi kunasa. Mwezi uliopita walijaribu programu nyingine, ya bure, ambayo watengenezaji wake walitangaza kwamba siri yake haivunjwi. Tamar alitaja nyumba moja karibu na soko. Kesho yake wanaume wawili walifika, wakaizunguka, wakauliza majirani nani analala mle. Tamar aliifuta programu ile.

Alikuwa mwandishi wa tume ya haki ya kanisa lake pale Butembo. Kichwani mwake, si kwenye karatasi, alibeba majina kumi na moja: watu waliowaona kwa macho wale waliochoma kijiji chao, na wakawatambua. Aliwaficha katika kijiji cha Masereka, kwenye nyumba za waumini, kila mmoja mahali pake.

Mwinjilisti Josaphat, aliyefanya kazi hiyo hiyo upande wa Beni na Kamango, alikuwa amepata mwanasheria na gari la kuwachukua. Zilibaki habari mbili tu: majina, na mahali kila mmoja anapolala. Kwa majuma mawili sasa alikuwa akiandika bila kuchoka: *Dada Tamar, fanya haraka. Motoka haitangoja.* Kumpigia haikuwezekana. Kule aliko, alisema, sauti inakatika, maandishi tu ndiyo yanapita.

Tamar alijibu kila mara neno moja: *Bado.*

Si Josaphat aliyemtia wasiwasi. Ni Kambere, mtengeneza simu, kijana mwenye maneno matamu, aliyewaletea hii programu mpya.

"Nani alitengeneza hii kitu?" Tamar alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Batu ya mbali, mama. Lakini kazi yao iko wazi. Batu ya akili ya inchi mingi balishaifungua, balishaichunguza. Message inafungwa mu telefone yako, inafunguka mu telefone ya mwenzako. Pale katikati, hata benye kuitengeneza hapana weza kusoma."

"Na wewe unapata nini?"

Kambere alicheka kidogo. "Mama, unaniogopa?"

"Naogopa kila mutu."

Hakukasirika. Alimpeleka Beni, akawakalisha Tamar na Josaphat kwenye benchi moja, akawafanya wasomeane tarakimu sitini kutoka simu zao, moja moja, mpaka zikalingana zote. "Hizi zikibadilika," alisema, "njo mutu mwengine ameingia kati. Itawaambia."

Tangu siku hiyo Tamar alizitazama kila asubuhi kabla ya sala. Hazikubadilika hata moja. Lakini moyo wake ulikataa. Mtu anayejua kufunga mlango vizuri hivi, alijiambia, anajua pia kuufungua. Ndiyo maana yuko dirishani.

Saa kumi ilifika. Mlango wa waya ulikuwa vile vile.

Ariel alisimamisha mashine. "Donc, iko safi?"

"Iko safi," Tamar alisema, na mwenyewe akashangaa kuisikia sauti yake.

Alipita kwa Kambere kabla ya kwenda nyumbani. "Unisamehe," alimwambia. Kambere, akiwa ameinamia simu iliyovunjika kioo, aliinua kichwa na kusema hapakuwa na kosa. Yeye mwenyewe angefanya vile vile.

Kisha Tamar aliketi kwenye ngazi ya kanisa na kuandika. Majina kumi na moja. Nyumba kumi na moja. Aliyasoma mara mbili, akatuma.

Jibu lilikuja kabla hajainuka: *Nimepata yote. Mungu akubariki, dada.*

Siku hiyo alikula akashiba. Ilikuwa imepita miezi bila kushiba.

Kesho yake asubuhi, katika ofisi ya tume, aliingia mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani, vumbi la barabara mpaka magotini. Tamar alimtambua mara moja: Bénite, mke wa Josaphat. Aliinuka na kumkumbatia.

"Mama Bénite! Karibu! Ni Josaphat amekutuma? Motoka ilishafika?"

Bénite alijitoa polepole mikononi mwake. Alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Kumbe habari haikuwafikia," alisema. "Barabara ilifungwa, réseau ya telefone ilikufa, hatukuwa na njia. Mama Tamar, Josaphat tulimuzika. Inafika majuma matatu sasa. Balimukamatia mu njia ya Kamango, bakamutesa kwanza. Biblia yake balituachia. Telefone, hapana."

Tamar alitafuta kiti kwa mkono, hakukiona.

Juu ya meza, simu yake ilitetemeka. Ujumbe ulikuwa wa Josaphat.

*Asante, dada. Majina ingine iko?*