Mshale Mwembamba

Kila Jumapili asubuhi mwalimu wa chekechea alijaza upepo gurudumu la mbele la baiskeli yake, akalibonyeza kwa kidole gumba, kisha akahamia la nyuma. Leo hakulifikia la nyuma. Mlango ulisukumwa bila hodi, na mama yake Kamanda akaingia, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Simama wima," alisema. "Au ndivyo ulivyoumbwa?"

Mwalimu alisimama na pampu mkononi. Mama akampima mabega, akaguna. Akampima kiuno, akaguna zaidi. Alikuwa mshonaji aliyesifika kwa sindano na kuogopwa kwa ulimi. Hii ilikuwa wiki ya tatu anakuja kupima gauni la harusi, na kitambaa chenyewe kilikuwa bado hakijaguswa na mkasi.

"Mabega haya yamezoea kuinama. Mwanangu akikukaripia, unamjibuje?"

Mwalimu aliitazama pampu.

"Nilijua tu," mama alisema, akatoka kwenda kuliwasha gari lililobeba maji ya kunywa ya klabu.

Posa yenyewe ilikuwa bado haijatolewa. Ilikuwa siri, na klabu nzima ya baiskeli iliijua. Kamanda, aliyeiongoza klabu hiyo na kujipa cheo hicho mwenyewe, alikuwa na baiskeli ya bei ya kiwanja na akili ya bei ya kengele. Alikuwa amepanga kumvisha mwalimu pete kileleni, pale barabara ya majabali inapofika juu kabisa na bahari kuonekana yote, mbele ya wanachama na mpiga picha. Kumuuliza mwalimu kama anataka hakukumjia akilini. Na mwalimu alijijua. Mbele ya macho mengi namna ile, hata angeulizwa kama anataka kurushwa baharini, angeitikia kwa kichwa.

Safari zao zilikuwa na utaratibu. Kamanda hutangulia na mpiga picha, akichora mishale barabarani kwa chaki nene. Nyuma yake hupita mama na gari la maji. Kundi hufuata mishale.

Jumapili iliyopita mwalimu ndiye aliyekuwa mbele. Alipofika njia panda, ambapo barabara moja hupanda kileleni na nyingine hushuka kurudi mjini, alikuta lami imelowa ingawa mbingu ilikuwa nyeupe, na mshale ukielekeza chini. Akashuka. Kundi zima likashuka naye. Huko juu Kamanda alisubiri na pete yake mpaka mpiga picha akaanza kuwapiga picha shakwe.

Aliporudi mjini alimsema mwalimu mbele ya wote, kwamba anafundisha watoto kusoma na yeye mwenyewe mshale unamshinda. Mama yake, kutoka dirishani mwa gari, aliongeza kwamba hata mbuzi wangefika. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtetea: seremala waliyemwita Konokono kwa kuwa kila safari alifika wa mwisho. Alisema kwa upole kwamba mshale ulielekeza chini kweli, tena ulikuwa mwembamba, si kama ile mingine.

Kamanda aliutazama mfuko wa shati la seremala, uliokuwa na penseli na kipande cha chaki.

"Kumbe Konokono ana wivu," alisema, na watu wakacheka kwa sababu alikuwa anawatazama.

Mwalimu hakucheka. Alimshukuru seremala kimoyomoyo, na tangu siku hiyo akawa anaona haya kumwangalia usoni.

Leo Kamanda alikuwa amejipanga. Konokono angeendesha mbele, sambamba na mwalimu, mifuko mitupu, kundi zima likimwona mgongo. Na ili mambo yasiharibike tena, mama angesimama njia panda kulinda mshale.

Wakaondoka. Barabara ilijikunja ukingoni mwa majabali, upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine hewa tupu, na chini kabisa mawimbi yakijipigiza na kurudi. Upepo uliwakabili kila kona. Konokono alihema kama mvukuto, ila safari hii hakubaki nyuma. Nyuma walibaki wale waliokuwa wakimcheka.

"Mwalimu," alisema walipokuwa peke yao kwenye kona ndefu. "Sikuwa mimi."

"Sikukushuku," mwalimu alidanganya.

"Natamani ningekuwa mimi. Lakini sikuwa na akili hiyo."

Kwa wiki nzima mwalimu alikuwa amejishikiza kwa huyu seremala na chaki yake, bila kujiuliza mtu wa mwisho angewezaje kutangulia, kama mtu aliyeshika tawi juu ya korongo. Sasa hata hilo tawi halikuwepo. Yule aliyeuchora mshale, yeyote yule, asingethubutu tena mbele ya mlinzi kama yule.

Njia panda ikatokea. Gari la maji lilikuwa limeegeshwa kando, na mama amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Miguuni pake mshale mnene ulielekeza juu.

"Mnakuja mnatambaa," mama alisema. "Wenzenu wako wapi?"

Konokono alijibu kwamba bado wako nyuma ya kona. Mwalimu aligeuza usukani kuelekea kileleni.

"Nani amekwambia upande?"

Mama alichukua dumu la maji, akalimimina lote juu ya mshale, akausugua kwa soli ya kiatu mpaka ukayeyuka. Kisha akainama kwa kuguna, akatoa kifuani chaki bapa ya mshonaji ya kuchorea vitambaa, akachora mwingine, mwembamba, ulionyooka kuelekea mjini.

"Yule nimemzaa mimi, namjua," alisema bila kuinua uso. "Shuka, mwanangu. Usiolewe naye."