Mwanya wa Mama

Tangu mageti ya shule yaanze kufunguka kwa wanafunzi wenye meno yaliyopangika tu, kliniki yetu ya meno haipumui. Leo kitini amelala binti yangu Tunu, mwenye mwanya wa marehemu mama yangu.

Nilimpaka asidi kwenye meno ya mbele, nikasuuza. Hapo jino hukaushwa mpaka liwe jeupe kama chaki. Likibaki na majimaji, gundi haishiki, vyuma vya kupanga meno vinadondoka. Nikachukua gundi bila kukausha.

Tunu, ambaye amekua akinitazama kazini, akanishika mkono. “Mama, hujakausha. Unataka nirudishwe tena getini?”

“Bibi yako alisifiwa kwa mwanya huu.”

“Bibi hakusoma.”

Nikapuliza hewa, jino likawa jeupe. Sijawahi kubandika vyuma vikashika vizuri namna ile.