Boneti Yenye Joto

Mkunga alikuwa ameshaanza kuondoka kwenye yadi ya magari, dalali nyuma yake. "Dada, jekundu hilo ni dizeli, halinywi mafuta! Kila alfajiri litakufikisha kazini!"

Alfajiri ndiyo iliyomleta. Akichelewa zamu tena, kazi hana.

Akarudi, akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto.

"Ni joto la jua tu, dada," dalali akasema.

Mawingu yalikuwa yametanda. "Dizeli inayopashwa moto kabla mteja hajafika ina lake jambo. Nipe ufunguo wa lile la kijivu."

"Kikongwe kile?" Shemeji yake, aliyemsindikiza, akacheka.

Boneti ya kikongwe ilikuwa baridi kama mtungi. Mkunga akageuza ufunguo mara moja tu, likanguruma.

Jekundu alilinunua shemeji, na hulisukuma kila asubuhi. Dalali alihama mtaa. Mkunga hajachelewa tena.