Haki ya Kutoombewa

Siku hizi asiyemwamini Mungu ana haki ya kutoombewa. Unajiandikisha kwenye simu, na tangu hapo yeyote akikutaja kwenye dua, ile bangili ambayo kila raia lazima avae inalia mkononi mwake na serikali inapata taarifa.

Mimi nilijiandikisha kwa hasira. Mama alikuwa amezidi. Kila baada ya Magharibi ananiombea niongoke, tena kwa sauti, wageni wapo! Bangili ilipolia mara ya kwanza alishtuka, akanitazama. Tangu siku hiyo akawa anataja watoto wake kama tulivyofuatana kuzaliwa: Zaituni, Shekue, kisha anasogeza punje moja ya tasbihi kimya kimya, halafu Kidawa. Ile punje ya kimya ndiyo mimi.

Niliivumilia miaka sita. Jana nikajifuta kwenye orodha, nikaenda kumwambia.

"Umerudi kwenye dini, baba?" aliuliza, uso umemchangamka.

"Hapana, mama. Bado siamini. Wewe nitaje tu."

Baada ya swala akainua mikono. "Zaituni. Shekue." Punje ya tatu akaishika, midomo ikamchezacheza, jina lisitoke. Akaanza upya, akakwama palepale. Mwishowe akanigeukia.

"Nisamehe, mwanangu. Ulimi umeshazoea kukuruka."

Nikamwambia si kitu, kwani mimi nina haja gani na dua. Kisha nikabaki nimesimama pale mlangoni, nikisubiri, mpaka alipokunja mswala.