Kumi kwa Kumi

Mwalimu Mithika alivua viatu, akavua na soksi, akakita nyayo kwenye ubao wa kuwekea miguu chini ya meza. Watu kumi na wawili walikuwa wamekuja kumwona akiaibika.

"Ama unataka kulala, Mwalimu?" Muriuki aliuliza kutoka nyuma yake. Watu wakacheka. Mithika hakumjibu.

Muriuki alikuwa na duka la spika na redio pale Nchiru, na chumba cha nyuma ndicho wapenzi wa santuri walichokutania kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Walisema wapenzi wa santuri, lakini mmoja mmoja walikuwa wamehamia nyimbo za kwenye simu. Gramafoni iliyobaki ilikuwa moja tu, kuukuu, ya Mithika. Sasa Muriuki alitaka nayo iondoke, ili mezani pakae ampulifaya mpya.

"Hiyo kitu ni ya makumbusho," alikuwa amesema wiki iliyopita. "Mota inatetema mpaka chai inacheza kwa kikombe. Na nyimbo ni zile zile ziko kwa simu. Hakuna mtu anaweza kujua tofauti."

"Mimi najua," Mithika alimjibu, macho kwenye midomo yake, kwa ile sauti ya gwaride la asubuhi, ambayo hata kustaafu hakukuipunguza. "Nijaribuni mara kumi. Nikikosa moja tu, nabeba gramafoni yangu narudi Ruiri na hamtaniona tena. Nikipata zote, inakaa hapa mpaka nife."

Aliyasema kwa hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu. Kanisani watu walikuwa wameacha kumwongelesha. Sokoni walimpungia mkono tu wakapita. Jumamosi peke yake ndiyo iliyombakia: hapa alifunga macho kama wengine, akatikisa kichwa kama wengine, na hakuna aliyemwona kama mzee aliyeachwa nyuma. Hakuwa tayari kunyang'anywa hilo na mtu wa umri wa mwanawe.

Basi leo wakatundika leso kama pazia katikati ya meza ndefu ya mbao ya mringa. Upande wa pili kukawa na gramafoni na simu, wimbo mmoja kwa zote mbili, spika zikiwa ukutani. Upande wa huku akakaa Mithika, viganja vyake vimelala mezani.

"Nafunga macho," akatangaza. "Wimbo ukianza, Angeline anigonge bega. Sitaki mtu wa kuniambia 'haya, sasa'."

"Maringo hayo," mtu akanong'ona.

Angeline, karani wa ofisi moja mjini na mwandishi wa kikundi, akamgonga bega. Mithika akatulia kidogo.

"Santuri."

Ilikuwa santuri. Mara ya pili akasema simu, ikawa simu. Mara ya tatu, ya nne, vilevile. Kicheko kikaanza kupungua chumbani.

Mara ya tano Muriuki akaamua kumtega. Akacheza kwa simu wimbo uliorekodiwa pamoja na mikwaruzo ya sindano, mikwaruzo safi kabisa, hata Angeline angeapa kwamba ni santuri.

"Simu," Mithika akasema, akajikuna pua.

Muriuki akaikagua leso kama ina tundu.

Mara ya saba mvua ikashuka juu ya mabati kama kokoto zinazomwagwa. Muriuki akapaza sauti mpaka shingo ikasimama mishipa: "Tungojeni iishe! Hata mimi hapa sisikii kitu!" Lakini Angeline alikuwa ameshamgonga bega mzee.

"Santuri," Mithika akasema, macho yamefungwa, viganja vimeibana meza.

Watu wakaangaliana. Mwenye duka la dawa aliyekaa kwenye kona akainama polepole, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Akafumba macho yake naye, akitafuta hicho ambacho mzee alikuwa akikipata.

Mara ya nane. Ya tisa. Mvua ilipokatika, Angeline akagonga bega kwa mara ya kumi.

"Simu. Na hii ndiyo ya mwisho, nimehesabu."

Chumba kikalipuka kwa shangwe. Mithika aliendelea kukaa vilevile, macho kayafumba, mpaka Angeline alipomgonga tena. Akafumbua, akawaona wamesimama wote, wanapiga makofi. Kifua kikamjaa. Angeweza kulia, lakini si mbele ya Muriuki.

Muriuki akaja mbele yake, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, nimekubali. Hayo masikio yako yamebarikiwa."

"Gramafoni inakaa?"

"Inakaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ufe, Mwalimu. Na hata ukishakufa."

Mithika akavaa soksi, akavaa viatu bila haraka, akaelekea mlangoni kichwa juu. Muriuki akamwita kutoka nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili, akimwomba Jumamosi ijayo awafundishe kusikiliza. Mzee hakugeuka.

"Muache aringe," Angeline akasema. "Leo ni haki yake."

Barazani mkewe Marcella alikuwa akimngoja na mwavuli. Alimtazama usoni mara moja tu, akajua ameshinda. Akatoa daftari dogo kikapuni, akaandika mbiombio kama alivyoandika kila siku kwa miaka mitatu sasa, akamwinulia alisome: "Wamecheza nyimbo gani?"

Mithika akasoma, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mama Kiunga," akamwambia mkewe, "hayo waulize wenye masikio."